TAHADHARI: Anayejiita wakili wa wanafunzi wasio na makaratasi hapa Dallas ni mwizi

Ndugu zangu wa Dallas, Arlington, Fort Worth, na hata nyinyi wa Houston maana nasikia ameshafika huko: kama una mtoto chuoni na makaratasi yake hayajakaa sawa, soma hii kabla hujampa mtu yeyote hata dola moja. Kuna mtu wetu, Mpwani mwenzetu, anazunguka kwenye matanga na harusi akiuza kitu anachokiita "kifurushi cha mwanafunzi". Amekula dola zangu 2,800 na mpaka leo ameishikilia pasipoti ya mtoto. Jina lake siliandiki sasa kwa sababu wakili wa kweli niliyempata ameniomba nisubiri malalamiko yaingie kwanza. Lakini aliyewahi kumlipa atamjua nikianza tu kusimulia.

Mtoto ni yule yule mnayemjua, wa marehemu dada. Yaliyotokea mpaka akabaki mikononi mwangu sina haja ya kuyarudia. Aliingia 2014 na mama yake kwa viza ya kutembea, akiwa na miaka tisa, na tangu hapo shule zake zote ni za Texas. Kamaliza sekondari hapa, kaingia chuo kusomea uhandisi. Ada tulikuwa tunalipa ya wakazi wa jimbo, kwa ile sheria ya 2001: mtoto aliyeishi Texas miaka mitatu kabla ya kumaliza sekondari analipa kama mkazi, mradi atie saini kiapo kwamba ataomba ukazi wa kudumu mara tu atakapostahili. Kwa zamu zangu za usiku tulikuwa tunafika.

Halafu ikaja tarehe 4 Juni 2025. Serikali ya Washington ikaishtaki Texas kwa ajili ya sheria hiyo, Texas ikakubali siku hiyo hiyo bila kujitetea, na jaji akaizuia. Chuo kikaandika kikitaka ushahidi kwamba mtoto yuko nchini kihalali, la sivyo alipe ada ya mtu wa nje. Bili ikapanda zaidi ya mara mbili. Na hali mnaikumbuka. Tangu Januari mwaka huo, ule mwongozo uliowataka ICE, maofisa wa uhamiaji, waepuke kukamata watu mashuleni, makanisani na hospitalini ulikuwa umeshafutwa. Mtoto akaanza kuogopa hata maktaba. Usiku nikirudi kazini namkuta macho, ananiuliza, "Mama mdogo, niache tu huu muhula?"

Katika hali hiyo ndipo huyu mtu alipotupata. Ilikuwa matangani, nyumbani kwa wale jamaa zetu wa Arlington. Alikuja na katoni za maji, akasaidia kupanga viti, akatoa mchango mbele ya watu. Mtu akamtaja, "Huyu ndiye aliyemtengenezea fulani makaratasi." Hakunifuata yeye. Mimi ndiye niliyemfuata, na hilo alikuwa amelipangia. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, mambo ya mtoto hayasemwi hapa. Njoo ofisini."

Ofisi iko kwenye safu ya maduka, pembeni ya saluni ya kusuka. Ndani kuna bendera, kabati la mafaili yenye majina ya watu, na ukutani cheti ndani ya fremu, chenye muhuri wa jimbo la Texas na jina lake. Alimvutia mtoto kiti kabla yangu. Akamuuliza anasoma nini, akasema nchi hii inahitaji wahandisi, akamwita "mwanangu". Aliuliza kwetu ni wapi, nikasema Kisauni, akanitajia mpaka msikiti wa jirani na yule mama wa mahamri. Alikuwa anazungumza Kimvita safi, kile cha wazee wetu.

Kisha akaanza kazi yake, na nataka mwelewe alivyoifanya. Kila alichokisema mwanzo kilikuwa kweli. Alitaja tarehe ya hukumu. Alitaja kiapo ambacho mtoto alikitia saini chuoni. Alijua mwongozo wa mashule umefutwa. Alikuwa na habari zote nilizokuwa nikizisoma usiku kwenye simu, ila yeye alizipanga vizuri kuliko nilivyozielewa. Akasema, "Jaji amezuia ada ya wakazi kwa asiyekuwepo kihalali, sivyo? Sasa mwenye DACA, ule ulinzi wa waliokuja wakiwa watoto, vyuo vinamhesabu kuwa yupo kihalali. Nikimpatia DACA, ada inarudi ilivyokuwa." Mtoto akanitazama. Nilimwona usoni, kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze, amepumua.

Akafungua droo, akatoa barua ndani ya plastiki. Nembo ya tai juu, herufi nzito, muhuri wa buluu chini. "Hii ni barua ya ulinzi wa kampasi. Ofisa wa ICE akija darasani, mwonyeshe hii, atakuacha." Bei akaigawanya kwenye karatasi kwa mwandiko mzuri: dola 1,500 za DACA, 800 za barua, 500 za kufungua faili. Akasema dirisha linafungwa mwisho wa wiki. Nikatuma pesa kwa simu, kwa Zelle, pale pale nikiwa nimekaa, na jina la aliyepokea lilikuwa la mwanamke. Nilipouliza, akasema ni mhasibu wake.

Mtoto akatia saini fomu tatu ambazo hazikuwa zimejazwa kitu. Yule mtu alizitilia alama ya penseli pa kusaini. Kisha akaiomba pasipoti, "nitoe nakala ya rangi, mashine yangu ina hitilafu, Ijumaa utaichukua." Ndani ya pasipoti hiyo kuna viza na muhuri wa siku aliyoingia na mama yake. Tulipokuwa mlangoni akamshika mtoto bega akamwambia maneno haya, nayarudia kama alivyoyasema: "Usimwambie yeyote chuoni. Ofisi zile ndizo zinazopeleka majina ICE."

Wapo watakaoniuliza kwa nini nilimwamini. Kwetu Kenya notari hateuliwi ila awe wakili aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa. Mimi niliona cheti cha notari ukutani na muhuri wa serikali, nikaona wakili. Hapa Marekani notari ni mtu wa kushuhudia saini tu. Na zaidi ya cheti, tulikuwa na mtoto asiyelala. Mtu mzima, anayeongea lugha ya mama yako, anakuambia mlango upo na anao ufunguo. Ungefanya nini? Ungemwomba kitambulisho?

Ijumaa ikapita. Akawa anajibu ujumbe kwa aya za dua. Baadaye akatuma namba ya risiti ya faili. Nikaiingiza kwenye tovuti ya USCIS, idara inayopokea maombi ya uhamiaji, haipo. Nikadhani nimekosea tarakimu. Mtoto mwenyewe ndiye aliyesema, "Mama mdogo, namba za wenzangu zinaanza na herufi tatu halafu tarakimu kumi. Hii ina herufi mbili."

Tukaenda kwa wakili wa msaada wa kisheria, mwanamke, kazi yake ni uhamiaji. Hakutulipisha. Swali lake la kwanza lilikuwa, mtoto aliingia lini? Nikasema 2014. Akaweka kalamu chini. DACA ilianzishwa Juni 2012, na sharti lake mojawapo ni kuwa uliishi Marekani mfululizo tangu tarehe 15 Juni 2007. Siku hiyo mtoto wetu alikuwa na miaka miwili, anatambaa na kudondoka uani Kisauni. Hastahili na hakuwahi kustahili. Na hata angestahili, tangu 2021, kwa amri ya mahakama iliyotoka huku huku Texas, maombi mapya yanapokelewa lakini hayaamuliwi. Wanaohuishwa ni wale waliokuwa nayo tayari. Yule mwizi anayajua haya yote. Alimuuliza mtoto mwaka wa kuingia, akauandika, akachukua pesa.

Kisha nikamwonyesha ile barua. Yule wakili aliisoma, akamgeukia mtoto, akamwambia asiionyeshe kwa ofisa yeyote, kamwe, na aitoe kwenye simu. Hakuna ofisi ya serikali inayotoa barua kama hiyo. Ni hati ya kughushi yenye nembo ya serikali, na anayeikabidhi mkononi mwa ofisa wa ICE ni mtoto. Yaani tulilipa dola 800 kununua kesi! Mtoto alikuwa ameitembeza mfukoni wiki nzima akiiona kama kinga. Nikilifikiria hilo nashindwa kukaa.

Nilimpigia simu huyo mtu nikiwa bado kwenye maegesho. Sikumtukana. Nilitaka pasipoti tu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa ile ile sauti ya dua: "Mama, unataka nipige simu huko nikawaambie kijana analala wapi?" Akakata.

Huyu ni mtu wa kusimama kizimbani. Si wa kuombewa, si wa kukalishwa na wazee akarudisha nusu kisha tukala pilau. Anawinda watoto, anajua hawawezi kwenda polisi, na woga wao ndio mtaji wake. Nasikia kuna mama mwingine alitoa akiba ya chama nzima. Nataka afungwe. Nataka ile ofisi ifungwe na lile kabati la mafaili lifunguliwe mbele ya wenye majina yao. Na wale wanaoendelea kumpa kipaza sauti kwenye shughuli zetu eti ni mfadhili, wajue wanakula pesa za watoto wa watu.

Dalili mnazoniuliza kwenye simu ni hizi. Fomu tupu, usisaini. Pasipoti halisi haiachwi kwa mtu. Pesa kwa jina la mtu mwingine, ondoka. Anayetaka usiongee na chuo, ondoka mbio. Ushauri wa uhamiaji unaruhusiwa kutolewa na wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Idara ya Haki, na orodha ya hao waliokubaliwa iko wazi kwenye tovuti ya Idara hiyo. Wakili akikushughulikia anajaza fomu ya G-28 na jina lake linaonekana. Huyu wetu jina lake halikuwa popote. Jambo jingine: sheria ya Texas inamtaka notari anayetangaza kazi yake kwa lugha isiyo Kiingereza aandike waziwazi, kwa lugha hiyo hiyo, kwamba si wakili na hawezi kutoa ushauri wa sheria. Matangazo yake ya Kiswahili mnayo kwenye simu zenu. Yasomeni, mtafute neno hilo.

Kuhusu chuo alitudanganya vibaya zaidi. Kuna sheria ya shirikisho tangu 1974, FERPA, inayokataza chuo kutoa kumbukumbu za mwanafunzi ovyo bila ridhaa yake. Serikali ikizitaka, kwa kawaida inabidi ije na amri ya kisheria. Mtoto alipoenda hatimaye kwa mshauri wake, alisaidiwa kupunguza masomo badala ya kuacha, ili muhula usipotee, na akaelekezwa kwenye ufadhili wa watu binafsi unaowapokea hata wasio na makaratasi, kama ule wa TheDream.US. Msaada wa masomo wa serikali kuu hawezi kuupata, FAFSA, fomu ya kuuomba, si yake, asije mtu akamwuzia hiyo nayo. Na haki ya kunyamaza na kuomba wakili anayo bila kulipia barua ya mtu.

Malalamiko yangu yameenda FTC, tume ya serikali kuu inayolinda wateja, na ile kamati ya Mahakama ya Juu ya Texas inayoshughulika na watu wanaofanya uwakili bila leseni. Kuripoti FTC hakukulazimishi kusema hali yako ya uhamiaji. Najua ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo wengi mnaiogopa kwa sababu ndiyo iliyoikubali ile kesi ya Juni, na simlaumu anayeiogopa.

Wakili anasema nikiwa peke yangu ni mama mmoja na risiti yake. Tukiwa wengi ni mtindo wa wizi. Kwa hiyo uliyemlipa, nitumie ujumbe wa faragha: picha ya risiti, jina la aliyepokea pesa, na hiyo "barua ya ulinzi" kama unayo, usiichane. Jina lako halitatoka kwangu. Na kama unajua ofisi imehamia wapi, maana tangu juzi mlango una kufuli na bango limeng'olewa, niambie leo. Muhuri wa kuingia uliomo kwenye ile pasipoti ni ushahidi kwamba mtoto alipita mpakani kihalali, na wakili anasema siku moja huenda ukamfaa sana. Tumeomba kumbukumbu serikalini lakini zinachukua muda. Naitaka pasipoti ya mtoto wa dada yangu.