Majani gani ya chai ununue Lamu: nimeyaonja, nikayapanga

Chai ya Lamu mara nyingi huharibikia dukani, kabla hata sufuria haijatelekwa. Mwaka jana, masika yamepamba moto, nilinunua robo kilo ya majani ya kupima kwenye duka moja la mtaa wa Langoni. Nyumbani nikachemsha, nikatia majani, na mvuke ulipopanda ukaja na harufu ya papa mkavu. Papa na gunia la majani vilikuwa vimelala rafu moja. Nikayafunga tena kwenye karatasi yake, nikarudi.

"Ami, hebu nusa."

Akanusa, akanyamaza kidogo, akafungua droo akanirudishia pesa zangu. Hakuwa mtu mbaya. Hakujua tu kwamba majani ya chai hunywa kila harufu iliyo jirani yake, iwe papa, sabuni au mafuta ya taa, na unyevu wa hapa kisiwani huyafanya yanywe haraka zaidi.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu anayenunua na kunywa chai Amu, yaani hapa mjini Lamu. Majani yanayosifiwa Kericho au Nairobi, kwenye baridi na maji laini ya mlimani, si lazima yakupe kikombe kilekile hapa. Nimeyaonja kwa muda wa miezi kadhaa, kila aina mara mbili. Mara ya kwanza kwa kipimo cha waonjaji wa chai: gramu 2 kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6, bila sukari wala maziwa. Mara ya pili kama tunavyokunywa kwetu, na mahamri pembeni. Nilitumia maji ya mfereji na maji ya mvua yaliyokingwa juu ya dari, na tofauti yake nitaieleza, maana ilinibadilishia mpangilio.

Nafasi ya kwanza: majani meusi ya punje, daraja la PF1

Haya ndiyo majani ambayo kila nyumba inayajua, na nayaweka juu bila kusita. Chai nyingi ya Kenya hutengenezwa kwa mashine zinazoponda, kuchana na kuviringisha jani mpaka liwe punje ndogo. Punje hizo huchekechwa na kupangwa kwa ukubwa. BP1 ndizo kubwa, PF1 zinafuata, kisha PD, halafu D1 ambayo ni laini karibu na unga. Punje kubwa hutoa rangi polepole na chai yake ni nyepesi. D1 hukolea kufumba na kufumbua, lakini ukiisahau dakika moja zaidi jikoni inakuwa chungu. PF1 iko pale katikati: inakolea vizuri, ina rangi nyekundu inayong'aa, na inamsamehe mpishi aliyekwenda mlangoni kuitikia hodi.

Sababu kubwa ya kuichagua ni maziwa. Protini ya maziwa hushika ule ukakasi wa chai, ndiyo maana chai ya maziwa inakuwa laini mdomoni. Majani dhaifu yakitiwa maziwa hubaki rangi bila ladha, kama maji ya kuoshea kikombe. PF1 inabaki chai hata ukitia maziwa nusu kwa nusu, hata ukitia tangawizi iliyopondwa na iliki mbili.

Pakiti nyingi haziandiki daraja, basi tegemea macho na vidole. Mimina kidogo kiganjani. Punje ziwe za ukubwa unaofanana, nyeusi zenye wekundu wa mbali, na zisiwe na nyuzinyuzi za kahawia. Nyuzi hizo ni vikonyo, na zikizidi ujue umeuziwa daraja la chini. Bonyeza punje kwa kucha: ikivunjika, iko kavu, ikibonyea, imekwishakunywa unyevu. Kisha pumulia kiganja chako pumzi ya moto na unuse papo hapo. Majani mazima hunukia tamu, kama mkate unaotoka jikoni. Yaliyopooza hunukia karatasi.

Kama dukani wanapima kutoka kwenye gunia lililo wazi, chukua pakiti iliyofungwa badala yake. Nalisema hili nikijua watu wengi wanapenda kupimiwa kwa sababu unaweza kununua ya siku moja. Ukihitaji kidogo, pakiti ya gramu 50 ipo. Na unapolinganisha bei, igawe kwa gramu. Sanduku la mifuko 25 kwa kawaida lina gramu 50 tu za chai, na la mifuko 100 lina gramu 200. Weka kando yake pakiti ya majani ya gramu 250, upige hesabu mwenyewe.

Nafasi ya pili: chai ya asumini

Mji huu haukosi asumini. Tunaitia kwenye vikuba pamoja na mrehani, tunaitandaza kitandani kwa maharusi, na bado ni wachache wetu wanaoinywa. Nilipoonja chai ya asumini mara ya kwanza nilijisikia kama nimekuwa mgeni kwenye nyumba yangu.

Asili yake ni Uchina. Wanachukua majani ya kijani, wanayachanganya na maua mabichi ya asumini jioni, kwa kuwa ua hilo hufunguka usiku na ndipo harufu yake hutoka. Asubuhi maua huondolewa, majani yakakaushwa, na usiku unaofuata yanatiwa maua mapya. Nzuri hupitishwa hivyo mara kadhaa. Ya bei rahisi hupuliziwa manukato tu kisha ikarushiwa maua makavu machache ili ipendeze macho. Basi usidanganywe na wingi wa maua kwenye pakiti. Onja kikombe cha pili kutoka majani yaleyale: iliyotengenezwa kwa maua bado inanukia, iliyopuliziwa imekwisha.

Za kufungwa hapa Lamu hazipatikani kila siku. Mimi huagiza Mombasa, na nikikosa hutengeneza mwenyewe. Mara ya kwanza nilikosea. Nilitia viganja viwili vya asumini kwenye kopo la majani, nikalifunga siku mbili, na nilipolifungua majani yalikuwa yamelowa na yameanza kuota ukungu. Ua lina maji mengi kuliko unavyodhani. Mamangu aliyaangalia akasema, "Mwanangu, asumini haifungiwi. Yalazwa usiku, asubuhi yatoka." Ndivyo ninavyofanya sasa: jioni natandaza gramu 100 za majani ya kijani kwenye sinia, maua kiganja kimoja juu yake, nafunika kwa kitambaa cha pamba. Alfajiri natoa kila ua, moja moja, kisha nayapitisha majani juu ya kikaango kikavu chenye moto mdogo kabisa, nikiyageuza kwa mkono, mpaka unyevu unaoshika vidole uishe na yaanze kulia yakisuguana. Nikirudia siku tatu, kopo likifunguliwa chumba kizima kinajua. Hakikisha asumini ni ya uani kwako au kwa mtu unayemwamini, isiyopigwa dawa.

Usiitie maji yanayotokota. Chemsha, epua, ngoja dakika tatu au nne, joto lishuke karibu na nyuzi 80, ndipo umimine. Dakika mbili zinatosha. Usitie maziwa. Sukari kidogo sana, au tende moja pembeni.

Nafasi ya tatu: majani marefu, kwa chai ya mkandaa

Kwa wasomaji wa mbali: chai ya mkandaa ni chai isiyo na maziwa. Mkandaa ni mti wa mikoko ambao gome lake hutoa rangi nyekundu, na ukiitazama chai hiyo kwenye glasi juani utaona jina limetoka wapi.

Hapa ndipo majani marefu yanapopata haki yake. Hayapondwi. Hunyaushwa, yakaviringishwa na kuachwa yageuke rangi taratibu, kwa hiyo yanabaki vipande virefu vilivyojikunja. Sri Lanka ndiyo inayosifika kwa haya, na viwanda kadhaa vya Kenya navyo vinatengeneza siku hizi. Ladha yake ina tabaka: kwanza utamu, halafu ukakasi mdogo, mwisho kitu kama ganda la ndimu.

Kijiko cha majani marefu kina hewa nyingi, basi usipime kwa kijiko kimoja kama ulivyozoea; tia kimoja na nusu hadi viwili. Na haya ndiyo yaliyonionyesha kazi ya maji. Kwa maji ya mvua, chai ilikuwa angavu, naona chini ya kikombe. Kwa maji ya mfereji yalitanda utando mwembamba juu, rangi ikafifia na ule utamu wa mwanzo ukapotea. Maji yenye chokaa na chumvichumvi ndiyo hufanya hivyo. PF1 yenye maziwa haikujali sana, lakini majani marefu yanajali. Kama nyumbani kwako kuna birika la kukingia mvua, hifadhi dumu moja kwa ajili ya birika la chai. Kama huna, maji ya chupa ya lita 5 yanatosha siku nyingi ukiyatumia kwa chai hii peke yake. Kama huwezi yote mawili, usinunue majani marefu. Utakuwa umelipia kitu usichokionja.

Nafasi ya nne: chai ya zambarau

Hii ni ya nyumbani Kenya. Aina yake, TRFK 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Kericho. Majani ya mchai wenyewe yana rangi ya zambarau kwa sababu ya kiini kilekile kinachotia rangi kwenye zambarau na kwenye biringani. Kikombe chake ni cha kijivu kidogo, hakivutii. Kamulia ndimu, kinageuka waridi mbele ya macho yako. Wanangu wanaomba nirudie kila mara.

Ladha ni nyepesi, ina ukakasi, haina uchungu mwingi. Naipenda mchana wa kaskazi, imepoa, ina ndimu na asali. Bei yake ni kubwa, ndiyo maana haikupanda juu zaidi. Nunua pakiti ndogo kwa ajili ya wageni.

Nafasi ya tano: Earl Grey

Ni chai nyeusi iliyotiwa mafuta ya ganda la bergamoti, tunda la jamii ya ndimu linalolimwa sana kusini mwa Italia. Ikiwa nzuri, inanukia kama umechuna ganda la chungwa bichi. Ikiwa mbaya, inanukia sabuni, na hakuna sukari itakayoiokoa. Nilionja tatu, moja tu nikaimaliza. Tafuta iliyoandikwa mafuta ya bergamoti na si "ladha ya bergamoti". Haiendi na mahamri na mbaazi hata kidogo. Inaendana na mkate wa sinia.

Nafasi ya sita: chai zilizokwisha kutiwa viungo

Tangawizi, iliki, mdalasini, masala, zote kwenye pakiti moja na majani. Kwa mtu anayesafiri au anayeishi bweni Nairobi ni msaada, na ya tangawizi ndiyo iliyo bora miongoni mwao, kwa kuwa tangawizi kavu inavumilia. Iliki haivumilii. Ikishasagwa, mafuta yake huanza kuruka siku hiyohiyo, na kampuni hulipa pengo kwa ladha ya kutengenezwa.

Kwa aliye Amu sioni sababu. Sokoni mbele ya ngome unapata iliki nzima, karafuu, vijiti vya mdalasini na pilipili manga. Chagua iliki ya kijani iliyofumba. Iliyopauka na kufunguka mdomo imekwisha nguvu. Ipasue kwa meno ya uma, uitie pamoja na maji baridi, si mwishoni. Mchaichai usinunue kabisa. Omba shina kwa jirani, upande kwenye debe.

Za mwisho: matunda na mifuko

Maembe, stroberi, vanila, pasheni. Nilionja nne na zote zilinukia vizuri kwenye sanduku kuliko kwenye kikombe. Harufu ya tunda inakuja, ulimi unangoja tunda, linakuja jani dhaifu. Mfuko wa kawaida nao hujazwa punje laini kabisa, nyingi za PD na D1, ambazo hupoteza harufu mapema sanduku likishafunguliwa kwenye hewa yetu. Ukilazimika, nunua ile ambayo kila mfuko umefungwa kivyake.

Ukishafika nyumbani

Nunua gramu 100 mpaka 250 tu kwa mara moja, masika punguza zaidi. Weka kwenye kopo la bati lenye mfuniko unaobana, mbali na jiko, mbali na karafuu, na usilitie kwenye friji. Chai ya asumini na Earl Grey kila moja iwe na kopo lake maisha yote, kwa sababu harufu hubaki kwenye bati hata ukiosha. Kijiko kiwe kikavu. Mimi huandika tarehe ya kufungua kwa kalamu kwenye mfuniko: meusi nayapa miezi minne, ya asumini miwili, na kilichobaki baada ya hapo namwagia mirehani uani.