Rihabu moja hapa Malindi: unga wanauweza, pombe bado

Nilimpeleka mdogo wangu wa unga (heroini) hapo, na mzee jirani wa pombe ya mnazi akapelekwa na wanawe, so nimeona pande zote mbili. Kwa arosto ya unga (yale mateso ya kuacha) wako poa sana. Inaanza ndani ya masaa kumi na mbili hivi, siku ya pili ya tatu ndo moto wenyewe, makamasi, miayo, mifupa yauma, kuhara na kutapika, na wale vijana (wengine washakuwa mateja wenyewe) wanampa ORS (maji ya chumvi na sukari) na uji kidogo kidogo, wanabadilisha shuka bila matusi. Mtu analia nakufa, lakini kawaida haiui, hatari kubwa ni kuishiwa maji.

Sasa pombe wanaichukulia hivyo hivyo, mfungie atazoea. Hapana jamani! Mlevi wa miaka akikata ghafla aweza kupata kifafa siku mbili za kwanza, halafu anachanganyikiwa, na hiyo inaua. Mzee alitetemeka mpaka chai yote ikamwagika kifuani, akaanza kumfukuza paka ambaye hayupo, usiku daktari hakuna, wanawe wakamkimbiza hospitali na tuktuk. Bugizi (vidonge vya usingizi kama Rohypnol) pia usikate ghafla, daktari akupunguzie polepole. Muguka (majani ya kutafuna kama miraa) wala usilipe rihabu, ukiacha ni usingizi na hasira tu zaidi.

Kingine, hawakumwambia mdogo wangu kwamba mwili ushasahau, akirudia kipimo cha zamani kinaweza kumuua. Nimemwambia mimi.

Nyota tatu, kwa unga pekee.