Miaka mitatu ya Sayansi ya Kompyuta Mwanza: nilichokilipia na nilichokipata

Wiki ya kwanza nikiwa mwaka wa kwanza, mama mwenye nyumba aliniuliza chuoni nasomea nini hasa. Nikamjibu, "Kuandika kodi, mama," nikimaanisha maelekezo ya kompyuta. Akafurahi sana. Akasema basi ya kwake niiandike kila tarehe moja, maana mpangaji aliyenitangulia alikuwa haandiki wala halipi.

Geto lilikuwa Igogo, juu kabisa kwenye mawe, Sh 40,000 kwa mwezi. Maji unapandisha mwenyewe, ila mtandao unashika vizuri kuliko mjini, na jioni unaliona ziwa lote likiwa limelala pale chini. Niliingia mwaka 2022 nikiwa nimetoka kidato cha sita na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), nikamaliza 2025. Wadogo zangu wanaojaza fomu za vyuo wananiuliza kila siku kama kozi hii inalipa, kwa hiyo naandika mara moja yaishe. Chuo sikitaji, kwa sababu kuna mahali nitakisema vibaya.

Kwanza, futeni picha mliyonayo kichwani. Mimi nilidhani semista ya kwanza ikiisha nitakuwa natengeneza programu za simu. Semista ya kwanza ilikuwa seti, mantiki, ithibati na lugha ya kuprogramu ya C. Ukumbi mzima ulijaa, majibu ya UE, mtihani wa mwisho wa semista, yakatoka, nusu ya rafiki zangu wakawa na sapu, yaani mtihani wa kurudia. Mimi ya kwangu ilikuwa ya somo la C, na kilichonimaliza ni pointa.

Pointa nimekuja kuielewa nikiwa napanda kwenda geto. Igogo ya juu nyumba hazitafutwi kwa namba. Mgeni ukimwelekeza unamwambia panda hadi jiwe lenye nyufa, kata kushoto, uliza kwa fundi cherehani. Hujampa chumba, umempa njia ya kukifikia. Pointa ni hivyo hivyo: haibebi thamani, inabeba anwani ya mahali thamani ilipo. Na makosa yake ni yale yale. Umemwelekeza mtu kwenye chumba ambacho mpangaji alishahama, anagonga, anafungua mtu mwingine kabisa. Kwenye C hiyo ni kumbukumbu uliyokwisha kuirudisha kwenye mfumo halafu ukaendelea kuitumia. Siku nyingine programu inaanguka papo hapo, siku nyingine inakuletea jibu la uongo kwa utulivu kabisa, na hilo la pili ndilo baya zaidi. Sapu niliifuta. Kwenye slaidi za darasani sikuona mfano wa namna hii hata mmoja.

Sasa malalamiko. Maabara ilikuwa na kompyuta 30, na siku nzuri zilizowaka ni kama 18. Tulikaa wanne kwa mashine moja: mmoja anachapa, wawili wanaangalia, wa nne yupo WhatsApp. Saa kumi jioni mlango unafungwa, yaani muda ule ule ambao mwanafunzi ametoka kipindi na ana nafasi. Halafu mtihani wa kuprogramu ulifanyika kwa kalamu. Unaandika C kwenye karatasi, ukisahau nukta-mkato unakatwa maksi, kosa ambalo kompyuta yenyewe ingekuonyesha kwa sekunde moja. Nimesikia utetezi kwamba karatasi inakulazimisha kufikiri. Sikubali. Inakulazimisha kukariri, na ndiyo maana desa (nakala za majibu) za mitihani ya nyuma zilikuwa zinatembea kuliko vitabu.

Kwa hiyo laptopu si anasa. Bumu la kwanza, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi, lilipoingia nilinunua iliyotumika, Sh 450,000, RAM giga 4, betri imekufa. Windows ilikuwa inaizidi nguvu, nikaweka Linux, na hapo nikajifunza mambo ya mfumo endeshi ambayo kipindi chake kilikuja mwaka mmoja baadaye. Umeme ukikatika kazi yote inapotea. Ukipoteza mara mbili, vidole vinajizoesha vyenyewe kuhifadhi kila baada ya mistari mitano. Nina tabia hiyo hadi leo, hata simu ikiwa na chaji kamili.

Mwaka wa pili ndio ulionifanya nisijutie ada. Mwalimu wa algorithimu, yaani hatua za kutatua tatizo, aliingia na chaki tu. Alianza na jambo dogo: orodha ya majina 1,000,000 iliyopangwa kialfabeti, ukitafuta kwa kukata katikati kila mara, unalipata jina kwa hatua zisizozidi 20. Ukumbi ulinyamaza. Watu walikuwa wanagawa kwa mbili kwenye simu zao kuhakikisha.

Kisha akachora ziwa. Mwanza mjini, Kamanga, Kigongo, Busisi, Sengerema, Geita, kila sehemu kiduara, kila njia mstari wenye dakika zake, na dakika za kivuko akijumlisha na za foleni. Akatuambia Edsger Dijkstra aliibuni njia ya kutafuta mkato mwaka 1956 akiwa amekaa mgahawani Amsterdam, kama dakika 20 hivi, akaichapisha 1959. Tukaikokotoa kwa mkono kwenda Sengerema: upite kivuko cha Kamanga au uzunguke kivuko cha Kigongo? Kwa foleni za wakati ule wa Kigongo, Kamanga ilishinda. Juni 2025 lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, kilometa 3 juu ya maji kutoka Kigongo hadi Busisi, nilichukua daftari langu la zamani nikabadilisha namba moja tu kwenye mchoro ule. Algorithimu haikuguswa, jibu likageuka. Nilicheka peke yangu chumbani.

Fildi, yaani mafunzo kwa vitendo kazini, sina la kusema. Wiki nane nilibadilisha wino wa printa na kubana vichwa vya nyaya za mtandao. Barua ya tathmini ikaandika nina nidhamu.

Mradi wa mwaka wa tatu ndio nataka muusome vizuri. Shangazi yangu ananunua dagaa kwenye soko la Mwaloni, Kirumba. Anawakopesha wenye mitumbwi hela ya mafuta na taa, wao wanamlipa kwa dagaa, yeye anauza kwa magunia, na wateja wengine wanatoka hadi Kongo. Hesabu zote zipo kwenye kaunta buku ya kwaya tatu. Nikaona mradi ndio huu: hifadhidata, fomu, ripoti ya mwezi. Nikaingiza rekodi zake za miaka miwili, nikamletea grafu ya rangi inayolinganisha Agosti 2023 na Agosti 2024.

Akaitazama, akasema, "Mwanawane, hii ni miezi ya nani?"

Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inapumzika. Giza likirudi, kazi inaanza. Kwa hiyo shangazi anakopesha kwa giza, anadai kwa giza, anafunga hesabu kwa giza. Agosti 2023 mwezi mpevu ulitokea mara mbili, tarehe 1 na tarehe 31, giza lote likakaa katikati. Agosti 2024 mwezi mpevu ulikuwa tarehe 19, kwa hiyo giza lilikatika vipande, kimoja mwanzoni na kingine mwishoni. Grafu yangu ilikuwa inalinganisha samaki mzima na vichwa viwili. Na giza 12 ni siku 354, pungufu ya mwaka kwa siku 11, yaani kadiri miaka inavyokwenda ndivyo kalenda yangu ingezidi kumdanganya.

Nikavunja jedwali nikaanza upya. Badala ya mwezi nikaweka giza, lenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kila mkopo na kila gunia likafungwa kwenye giza lake. Kwa ujuaji wangu nikaandika programu ikokotoe yenyewe, siku 29.53 kwa kila mzunguko. Shangazi akaikataa tena: giza la kazi linaanza siku mitumbwi imetoka, na upepo ukiwa mkali mitumbwi haitoki hata mwezi usipokuwepo. Nikafuta mistari 60 niliyokuwa najivunia, nikaweka kitufe kimoja, "Giza limeanza", akibonyeze mwenyewe. Siku ya kutetea mradi jopo liliniuliza kuhusu kitufe hicho tu, kwa muda wote uliobaki. Nilipata B+. Ripoti yangu ilikuwa fupi mno, wakasema.

Kwa nyota tano naipa tatu na nusu. Moja imekwenda na maabara, nusu na fildi. Kama unachotaka ni kutengeneza tovuti uanze kulipwa haraka, usikae miaka mitatu. Miezi michache ya kujifunza kwa bidii ukiwa na bando la uhakika inatosha, na ada utaitumia kununulia mashine nzuri. Ukija, njoo na laptopu tayari, na kabla hujajaza fomu waulize wanafunzi wa mwaka wa pili maabara inafungwa saa ngapi. Na usitegemee ajira inakusubiri getini. Mimi nilikaa miezi saba Igogo nikiwarekebishia watu simu, kabla ya kupata kibarua cha kutunza mfumo wa stoo moja mjini, ambako swali la kwanza ninalouliza sasa ni mwezi wao unaanza lini.

Mfumo wa shangazi bado ninautunza mimi. Tulikubaliana debe moja la dagaa kila giza. Giza lililopita hajalipa, na nimemwandika humo humo kwenye mfumo, kwenye orodha ya wadaiwa.