Jiko linafungwa saa mbili na nusu usiku: uzoefu wangu wa hosteli ya mji wa mawimbi

Nimechelewa kuandika haya makusudi, nikingoja hasira ipoe. Haijapoa. Hosteli yenyewe siitaji, kwa sababu ninachokisema hapa kinahusu hosteli nyingi kuliko ile moja. Ila kama unasafiri peke yako kwenda mji wa kuteleza mawimbini, na tangazo linakuahidi kwamba hutakuwa mpweke, nisikilize kabla hujalipa.

Kilichotokea ni kifupi. Saa mbili na nusu usiku tulikuwa watu sita jikoni, hatujuani, sufuria mbili ziko motoni na maongezi ndiyo kwanza yanakolea. Msimamizi akaingia na funguo mkononi. Hakugusa swichi za jiko, alifunga gesi kwenye mtungi kabisa. "Tangazo liko ukutani," akasema. "Mnaotaka kupiga soga, ufuko ni mpana." Sufuria moja ilikuwa haijachemka hata mara moja. Dakika tano baadaye kila mtu yuko kitandani kwake, pazia limevutwa, uso unamulikwa na simu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mgeni anakuja, mwenyeji anatia kufuli.

Asiyeijua miji hii ataniambia nimekuza jambo dogo. Si dogo, na sababu iko baharini. Saa ya maji kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na sehemu nyingi za mawimbi zina kiwango chake cha maji. Penye mwamba, maji yakipwa sana hapaingiliki, utachanika miguu. Penye mchanga, maji yakijaa kupita kiasi wimbi halivunjiki mpaka lifike ukingoni, nawe huna pa kulipandia. Basi wiki ambayo maji yanafaa mchana, ifikapo jioni watu wameshapumzika, wameshaoga, na jiko linachangamka mapema. Wiki inayofuata maji yale yale yanaangukia alfajiri na magharibi. Mtu anatoka majini giza likiingia, anasuuza ubao na wetisuti, ile suti ya mpira ya kuzuia baridi majini, anapanga foleni ya bafu mbili zinazogombewa na watu ishirini, anafika jikoni saa mbili. Amebakiwa na nusu saa! Aliyeipanga saa ile ya kufunga ama haijui bahari iliyo mbele ya nyumba yake, ama anaijua na hajali.

Tena mji wa mawimbi hauna usiku mrefu. Upepo wa baharini kwa kawaida huamka kadiri jua linavyopanda, na huo ndio unaoyavuruga mawimbi, kwa hiyo wengi huwa wameshaingia majini kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kufika saa nne usiku nyumba imelala. Kifungua kinywa hakiwakutanishi watu, kila mmoja anakula kwa wakati wake. Muda wa kufahamiana ni huo mmoja tu, kati ya magharibi na saa nne. Ukiufungia mlango, umebakiwa na ghala la vitanda.

Masharti siyapingi, jamani. Hosteli zilianza na masharti tangu yule mwalimu wa Kijerumani, Richard Schirrmann, alipofungua hosteli yake katika ngome ya Altena mwaka 1912. Wageni wasiojuana wakilala chumba kimoja bila utaratibu, hakuna atakayepata usingizi. Kimya bwenini saa nne usiku, naunga mkono kwa mikono miwili. Lakini bweni ni bweni na jiko ni jiko. Wanaojua kazi hii hujenga jiko mbali na vyumba, au hufunga ule mlango wa katikati na kuacha meza iendelee na maongezi yake.

Sasa, namna ya kuiepuka nyumba kama ile. Picha za tangazo usizitazame kwa uzuri wa machweo, zitazame kwa kuhesabu. Hesabu viti vya sebuleni na jikoni, kisha linganisha na idadi ya vitanda. Vitanda arobaini na viti kumi maana yake watu hawakai. Angalia umbo la meza pia: meza moja ndefu inamlazimisha mgeni kukaa karibu na mtu, vimeza vya watu wawili wawili vinamruhusu kujificha. Hesabu majiko. Majiko mawili ya gesi kwa watu thelathini ni ugomvi wa kila jioni, na wenye hekima wataenda kula mkahawani, kila mtu kivyake. Kama picha ya jiko haipo kabisa, jiko halipo, au lipo na wanaliona aibu.

Ukubwa nao una maana. Kwa anayesafiri peke yake, nyumba ya vitanda kati ya 15 na 40 ndiyo inayofaa. Chini ya hapo unacheza bahati nasibu: zikija jozi tatu za wanandoa, umekwisha. Ikifika vitanda mia, watu huja na makundi yao tayari na hawana nafasi ya mtu wa kuongeza. Bwenini chagua chumba cha watu wanne hadi sita. Humo lazima mtasalimiana, na kufika siku ya pili mnajua nani anaamka saa ngapi. Kwenye chumba cha kumi na wawili, kila usiku kuna anayefungua zipu ya begi saa kumi na moja alfajiri na hujui hata jina lake la kumlaani.

Vitanda vya deka viwe na soketi na taa kwa kila mtu, na kabati la kufuli liwe ndani ya chumba, si koridoni. Kufuli nenda na lako, lile jembamba, maana vitundu vingi vya makabati hayo havipitishi kufuli nene. Kabla ya kutandika, inua kona za godoro na umulike mishono kwa tochi: vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu ni kunguni, na hapo hakuna cha kujadili, unaondoka. Wanawake wanaotaka bweni la wanawake waulize pia kama bafu lake liko upande huo huo, kwa sababu mara nyingi bweni limetengwa na bafu limeachwa la wote.

Kuhusu mahali, tangazo likisema dakika tano hadi baharini, uliza bahari ipi. Ufuko ulio karibu unaweza kuwa majabali matupu na wimbi la kujifunzia liko kilomita mbili mbele. Ubao wa futi nane au tisa haubebeki mbali, hasa upepo ukiushika kwa ubavu. Zaidi ya robo saa kwa miguu utaanza kuchukia safari nzima. Ukikaa mbali utahitaji usafiri, na usafiri wa kuchangia unataka wenzako, wale wale ambao jiko lililofungwa limekunyima.

Msimu ndio kosa linalowapata hata wazoefu. Nyumba iliyosifiwa sana inaweza kuwa tupu kama msikiti wa usiku wa manane ukifika wakati usio wake. Sri Lanka ni mfano mzuri: Weligama, upande wa kusini, hujaa watu wakati wa kaskazi, na pepo zikigeuka kuwa za kusi watu huhamia Arugam Bay, pwani ya mashariki. Taghazout ya Morocco uhai wake ni majira ya baridi, takriban Oktoba hadi Machi. Halafu kuna miji ambayo msimu wake mkubwa si wa anayeanza. Puerto Escondido kule Mexico, wimbi la ufuko wa Zicatela katikati ya mwaka ni la mabingwa. Anayejifunza anatazama kwa mbali, anatafuta kona tulivu zaidi. Ukiwa wewe peke yako unayejifunza katika nyumba ya mabingwa, jioni hutakuwa na la kuchangia, na hiyo nayo ni aina ya upweke.

Wengi huuliza waende hosteli au kambi ya mafunzo. Kambi mara nyingi huuza wiki nzima, Jumamosi hadi Jumamosi, ndani yake mna malazi, mwalimu, ubao na gari la kuwapeleka kwenye mawimbi. Wote mnafika siku moja, wote hamjui kusimama juu ya ubao, wote mnakunywa maji ya chumvi. Urafiki unajileta. Ni ghali kuliko kitanda cha bwenini, lakini ukijumlisha kodi ya ubao na masomo ya siku tano, tofauti hupungua sana, pengine ikaisha kabisa. Ila usiingie kambini Jumatano. Makundi yameshafungwa, nawe utakuwa yule aliyechelewa harusi. Hosteli ina faida ya kuondoka upendapo, ndiyo maana nasema weka nafasi ya usiku mbili tu kwanza, halafu ongeza mwenyewe pale mapokezi. Mimi nililipia usiku saba mapema, nikasaini na sharti la kutorudishiwa pesa. Hilo ni kosa langu, silisukumi kwa mtu.

Maoni ya wageni yasome kwa tarehe, si kwa alama. Hosteli nyingi za mawimbi huendeshwa na watu wa kujitolea wanaofanya kazi saa chache kwa siku ili walale bure, na hao hukaa wiki chache wakaondoka. Maoni yakimsifu mtu kwa jina kwamba ndiye aliyewakusanya kila jioni, jua kwamba sifa hizo zimeshapanda basi pamoja naye. Tafuta yanayosifu vitu visivyoondoka: meza, jiko, chakula cha pamoja chenye siku yake maalumu, kundi la WhatsApp ambalo mgeni anaunganishwa akifika mapokezi. Achana na ya zaidi ya miezi mitatu. Neno "tulivu" likijirudia mara tatu, huko watu wanalala, basi.

Sasa niwe mkweli, kwa sababu kuna jambo linanisumbua. Nyumba ile ina sehemu ya vifaa ambayo sijaona bora yake. Bafu mbili za nje za maji baridi, pipa la kusuuzia wetisuti, na chini ya paa nguzo nene za mbao zilizolazwa, za kuanikia, si vining'inizo vya waya vinavyokata mabega ya mpira. Unaipindua suti ndani nje, unaikunja kiunoni juu ya nguzo, kivulini, kwa kuwa jua huula mpira ukakauka na kupasuka. Mbao za kutelezea zimepangwa kwenye rafu yenye mnyororo, mbali na jua, hivyo nta inayopakwa juu yake ili mguu usiteleze haiyeyuki wala mchanga hauingii vitandani. Na nikikumbuka vizuri, watu pekee niliozungumza nao kwa kirefu wiki ile nilikutana nao hapo, tukisubiri zamu ya pipa. Yaani aliyejenga uwanja ule aliwafikiria watu. Magodoro yalikuwa safi, bweni la wanne, kimya kizuri. Nilipoanza kuandika nilikuwa na nyota moja kichwani. Kwa uwanja ule nilikuwa nasogea kwenye tatu, pengine nne kwa anayekula mkahawani na kulala mapema.

Lakini nimefungua tena ujumbe tulioandikiana kabla sijalipa. Niliuliza waziwazi: jiko liko wazi mpaka saa ngapi? Wakajibu: "Siku nzima." Nilipomwonyesha msimamizi jibu hilo, akalisoma, akanirudishia simu yangu. "Siku nzima," akasema. "Sasa ni usiku."

Kwa hiyo usiulize kama mimi. Uliza saa kamili ya kufunga, tena kwa tarakimu. Uliza gesi inazimwa na nani, na wanaotoka majini magharibi wanapika wapi. Uliza wiki hiyo wamepokea wangapi waliokuja peke yao. Nyumba inayojali hilo itakujibu kwa idadi, isiyojali itakutumia picha ya machweo. Majibu yahifadhi, maana utayahitaji.

Nyota mbili. Zote mbili ni za nguzo za kuanikia na pipa la kusuuzia. Nilitaka kuongeza nusu kwa ajili ya magodoro, kisha nikaikumbuka ile sufuria.