Pa Kula Nyanda za Juu Kusini: Pesa Yako Ianzie Wapi

Wageni wakiniuliza wakale wapi Mbeya au Iringa, wengi tayari wana hoteli fulani akilini waliyoiona kwenye simu. Mimi huwarudishia swali: unataka kula nini? Huku kwetu kila chakula kina kwao. Mchele kwao Kyela na Usangu, ndizi kwao Rungwe, viazi kwao Isongole na Njombe, samaki kwao Matema. Ukikifuata chakula kwao unalipa kidogo na unakula vizuri. Ukikingoja mbali, unalipia nauli yake na barafu yake. Orodha hii nimeipanga kwa msingi huo, kuanzia pale ambapo kila shilingi yako inaonekana sahanini hadi mahali pa kupita tu.

1. Mama lishe wa sokoni, Mbeya mjini

Masoko ya Soweto, Mwanjelwa na SIDO. Nafasi hii haina mpinzani. Mama lishe wa sokoni ananunua nyanya na mboga hatua chache kutoka jikoni kwake, anapika asubuhi, na ikifika saa nane mchana sufuria zimekwisha. Hakuna kiporo. Agiza wali maharage na mboga za majani, kisha nunua parachichi hapo nje ulikatie juu ya sahani.

Maharage ndiyo mtihani wenyewe. Mbeya mjini iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na juu huko maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi joto kama 94, si 100. Kwa hiyo maharage yanataka muda mrefu kuliko ya Dar es Salaam, na mpishi asiye na subira anajulikana mara moja. Kabla hujakaa, chungulia sufuria. Mchuzi ukiwa mzito na punje zimeanza kupasuka, ujue yalibandikwa alfajiri. Mchuzi ukiwa wa maji na ganda limejikunja, yameharakishwa. Na wengine huyalainisha kwa magadi mengi: yanaiva upesi, lakini ladha ya magadi inabaki ulimini mpaka jioni. Hapo nyanyuka, nenda banda la pili.

Kuhusu wali, uliza bila aibu. Mchele wa Kyela una bei, hivyo kuuchanganya na wa bei nafuu ni jambo la kawaida. Wa Kyela wenyewe harufu yake inakufikia mfuniko unapofunuliwa, kabla sahani haijaja. Nakumbuka dada mmoja akimuuliza mama lishe, "Shikamoo mama, huu ni wa Kyela?" Akajibiwa, "Marahaba mwanangu. Huu wa Mbarali, wa Kyela umeisha tangu juzi." Mama wa namna hiyo usimwache. Na wa Mbarali, yaani wa Usangu, si wa kudharau, unachambuka vizuri na unabeba mchuzi. Mpunga mpya ukishaingia, kuanzia Mei na Juni, wali wa Kyela unanukia kuliko wakati wowote, ila unataka maji kidogo. Mpishi asiyelijua hilo atakupa bokoboko.

Fika kati ya saa sita na saa saba na nusu. Baada ya hapo unakula kilichobaki.

2. Samaki wa Matema, Ziwa Nyasa

Ni mbali, najua. Lakini kama umeshafika Kyela kwa shughuli nyingine, usirudi bila kuteremka Matema, pale Milima ya Livingstone inapozama ziwani. Samaki wa kumtafuta ni mbasa. Huyu huishi ziwani na hupanda mito kutaga wakati wa mvua, na nyama yake ina mafuta, haihitaji makeke ya viungo. Mwombe mpishi amchemshe kwa nyanya, kitunguu na ndimu, na kama ana chungu cha Wakisi akitumie hicho. Vyungu hivyo hufinyangwa na akina mama wa Ikombe, jirani kabisa na Matema, na mchuzi unaotulia ndani yake hauna ladha ya bati.

Mchague samaki mwenyewe kabla ya bei. Macho maangavu, mashavu mekundu kwa ndani, na ukimbonyeza nyama inarudi juu. Mbasa wadogo kabisa mimi siwanunui, hata wakiwa rahisi, kwa sababu hao ndio wa kupanda mto miaka ijayo. Usipompata mbasa, dagaa wa Nyasa waliokaangwa wakakauka, na ugali wa moto, wanatosha.

3. Kitimoto, kwa anayekula

Mbeya, Njombe na Iringa ni nchi za kitimoto, na kila mtaa una banda linalosifiwa na watu wake. Nitakupa namna ya kulichagua, kwa sababu mpishi akihama sifa inahama naye. Nyama hupimwa mbichi. Simama kwenye mzani, onyesha kipande unachotaka, mbavu au paja lenye mafuta kidogo, kisha sema kavu au rosti. Ikikaangwa inapungua sana, kwa hiyo nusu kilo kwa watu wawili ni ya kuonja tu. Ndizi za kukaanga, kachumbari na pilipili vifuate.

Sasa lililo zito. Minyoo ya tegu kwenye nguruwe imekuwa tatizo la kweli katika mikoa hii, hasa nguruwe wanapoachwa kuzurura. Uliza nyama imepigwa muhuri na mkaguzi au la. Ukiona kwenye nyama mbichi vifuko vyeupe, vidogo, vyenye majimaji, ondoka na uwaambie wenzako. Nyama ikatwe vipande vidogo, ikaangwe mpaka ndani pasiwe na wekundu wowote. Kazi hiyo inachukua muda. Sahani ikija ndani ya dakika kumi, ilikaangwa mapema ikapashwa moto, au haijaiva.

4. Mgahawa wa Neema Crafts, Iringa

Kituo hiki kilianzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha ili watu wenye ulemavu wapate ufundi na ajira. Mgahawani wanaohudumia ni viziwi, na unaagiza kwa kuandika au kwa ishara. Kwa Iringa, hapa ndipo ningemleta mzazi au mgeni anayetaka kukaa kwa utulivu, anywe kahawa na kula keki. Bei ni ya juu kuliko sokoni, lakini unaijua inakokwenda. Jifunze ishara ya "asante" kabla hujatoka.

5. Ndizi za Tukuyu, Rungwe

Mbalaga, ndizi za Wanyakyusa zilizopikwa zikalainika, na maziwa ya mgando pembeni. Ningezipandisha juu zaidi kama zingepatikana kirahisi kwa mpita njia, lakini mbalaga nzuri bado ziko majumbani. Ukialikwa, nenda. Ukikosa mwaliko, asubuhi ingia migahawa midogo ya Tukuyu mjini ukaulizie supu yenye ndizi.

6. Siku ya sherehe

Kisolanza, shamba la zamani lililo kando ya barabara kuu, kama kilomita 50 kusini mwa Iringa, wanapika mboga na nyama za shambani. Upande wa Mbeya kuna Utengule Coffee Lodge, nje ya mji kuelekea Mbalizi, na huko nenda kwa ajili ya kahawa: unainywa ukiitazama mibuni. Mikoa yetu inalima arabika ya kiwango, na bado nyumbani tunakunywa ya kopo. Hilo linaniuma.

Ukivuka mpaka

Kwa walio Kyela, Kasumulu ni hapo hapo, na ng'ambo ya mto Songwe unaelekea Karonga, Malawi. Huko agiza nsima na samaki aitwaye chambo. Nsima yao ni laini kuliko ugali wetu na inakuja kwa vipande vilivyotekwa kwa mwiko mmoja mmoja, na majani yao hupikwa kwa karanga zilizotwangwa. Chambo wa kukaanga mzima, mwenye mkia mkavu, ningempa nafasi ya pili pamoja na mbasa.

Nakonde, upande wa Zambia ukipitia Tunduma, utakutana na chikanda, kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi, ua la porini, pamoja na karanga na kukatwa vipande. Ni kitamu, lakini mimi sikinunui. Viazi vingi vya okidi vimekuwa vikichimbwa kwenye nyanda zetu, Makete na kwingineko, vikasafirishwa huko. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ilianzishwa kwa sehemu kubwa kuokoa maua hayo, na kila okidi inayochimbwa kwa ajili ya mlo haitachanua tena.

Mwisho kabisa: vituo vya mabasi

Kuku wa kwenye kabati la kioo na chipsi zilizokaangwa asubuhi, huku konda anapiga honi. Hapo unalipia haraka, chakula ni ziada. Ukibanwa na njaa, nunua mahindi ya kuchoma yanayotolewa motoni ukiyaona, yai la kuchemsha ambalo ganda lake halijapasuka, na ndizi mbivu. Kisha vumilia mpaka Makambako au Mafinga, uteremke, utembee hadi sokoni ukale kwa mama lishe.