Nimehamisha hisa zangu kwenda kampuni nyingine: uhamisho mzuri, kodi imenitoa jasho

Naishi Marekani, na hisa zangu nimezinunua kidogo kidogo kwa mshahara. Mwaka jana niliichoka kampuni ya zamani ya udalali, iliyokuwa ikinitunzia hisa hizo, maana programu yake ya simu ilikwama kila soko lilipofunguliwa. Nikafungua akaunti kwingine na kujaza ombi la uhamisho hukohuko ninakohamia. Siku 6 za kazi, hisa zimefika. Mfumo huo wa kuhamisha hisa kutoka dalali mmoja kwenda mwingine, unaoitwa ACATS, nausifu kwa moyo wote. Hisa zinahama zenyewe bila kuuzwa, kwa hiyo kuhama hakuzai kodi.

Isipokuwa vile vipande visivyofika hisa nzima. Nilikuwa na hisa 12.4 za kampuni moja. 12 zikahama, ile 0.4 ikauzwa. Hayo ni mauzo hata kama ni ya dola chache, na Februari yalinifikia kwenye fomu 1099-B, inayoonyesha mauzo ya hisa, kutoka kampuni ya zamani, mbali na fomu za kampuni mpya. Unapojaza kodi, weka za kampuni zote mbili. IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, nao wanaletewa nakala zake.

Kilichoniuma hasa ni bei ya kununulia. Kwa hisa zilizonunuliwa kuanzia 2011, kampuni unayotoka inatakiwa kuipa ile mpya bei na tarehe ya ununuzi ndani ya siku 15. Zangu hazikupelekwa. Mimi bila kujua nikauza hisa 20 nilipe karo ya mtoto, na fomu ikaja bei ya ununuzi ikiwa tupu. Programu ya kujazia kodi ikaihesabu sifuri! Dola 3,100 nilizouza zikasomeka zote kuwa faida, wakati nilizinunua kwa 2,640. Faida yangu halisi ilikuwa dola 460.

Nilipiga simu kampuni ya zamani mara nne, kila mara nikapokelewa na mtu mwingine, na jibu likawa lilelile: akaunti yako imeshafungwa. Mteja wa miaka mingi hastahili kujibiwa hivyo. Kilichoniokoa ni barua pepe za kuthibitisha ununuzi, ambazo sikuwahi kuzifuta. Kwenye fomu 8949, ambayo mlipakodi anaorodhesha mauzo yake ya hisa, nikachagua kisanduku E, cha hisa zilizokaa zaidi ya mwaka mmoja na ambazo bei yake ya ununuzi haikupelekwa IRS, kisha nikaandika bei yangu mwenyewe. Inaruhusiwa kabisa, ila uwe na ushahidi.

Uhamisho naupa nyota 5, kampuni ya zamani nyota 1. Mdogo wangu naye anahama mwezi huu. Nimemwambia kabla hajabonyeza chochote apakue taarifa za akaunti za miaka yote, maana ikishafungwa huenda asiweze kuingia tena, na asiuze hisa hata moja mpaka aione bei yake ya kununulia kwenye akaunti mpya.