Mzee wa sungura wa Mukono: amemsoma Masizi wangu bila kunidanganya

Naandika hii kwa wote wenye sungura wa kuokota hapa Kampala na jirani zake, maana nimezunguka miezi miwili natafuta mtu wa kuniambia huyu wangu ni mbegu gani na sasa nimempata.

Masizi aliachwa na jirani aliyehama, kwenye kibanda nyuma ya nyumba, hana maji hana majani, ndo nikamchukua. Mweupe mwili mzima ila masikio, pua, miguu na mkia ni kama kachovya kwenye masizi ya sufuria, macho mekundu. Kila mtu alikuwa na jibu lake, huyu anasema New Zealand, yule Himalayan, mwingine eti sungura wa kawaida tu.

Kabla ya mzee nilipita duka moja la mjini. Walimchungulia akiwa bado kwenye boksi, hata mkono hawakutia, wakasema mbegu safi na nikitoa elfu hamsini wananiandikia karatasi ya ukoo yenye majina ya baba na babu. Banange! Babu yupi wakati mimi mwenyewe sijui alizaliwa wapi? Iliniuma sana, maana karatasi kama hizo ndo watu wanazitumia kuuziana vitoto vya sungura kwa bei ya juu.

Mzee yeye alitandika gunia juu ya meza ili Masizi asiteleze, akamwacha atulie kwanza. Halafu akampima, kilo 3.9. Akapitisha mkono mabegani, mgongoni mpaka kwenye nyonga, akarudisha manyoya nyuma na kuyaangalia yanavyolala, akafungua mdomo kuona meno, akakagua makucha moja moja. Dakika arobaini nzima! Na kila alichogusa alinieleza. Himalayan, anasema, ni kasungura kadogo, hakafiki hata kilo mbili na nusu, na mwili wake ni mrefu mwembamba kama bomba, kwa hiyo huyo tumtoe. New Zealand White ni mweupe wote, hana masizi popote. Kinachobaki ni California White, ambaye Wamarekani walimtengeneza miaka ya 1920 kwa kuchanganya Himalayan, Chinchilla na New Zealand, ana mwili wa mviringo uliojaa nyama, na dume mzima uzito wake ni kama kilo 3.6 mpaka 4.5. Masizi anaingia hapo. Nikamuuliza kwa nini ni ncha tu ndo nyeusi, akasema ile rangi nyeusi inatokea kwenye sehemu za mwili zenye ubaridi, ukimpeleka kule Kabale kwenye baridi weusi utaiva zaidi.

Lakini sentensi iliyonifanya nimwamini ni hii: "Nnyabo, anafanana na California, ila kuapa siwezi, bila kumjua mama yake hakuna anayeweza."

Nikamwambia ndoto yangu, kwamba siku moja nataka kumuonyesha kwenye mashindano ya sungura, na nilikuwa nadhani bila pedigrii, yaani ile karatasi ya ukoo, mlango umefungwa. Kumbe sivyo! Marekani, kwenye shoo za ARBA, chama chao cha wafugaji wa sungura, sungura haombwi karatasi ya ukoo ili aingie. Anatakiwa alingane na sifa za mbegu yake na awe na tatuu ya kudumu kwenye sikio la kushoto, jaji anahukumu anachokiona na kukishika mezani. Karatasi ya vizazi vitatu inatakiwa pale unapotaka kumsajili, na namba ya usajili ndo inakaa sikio la kulia. Meno yaliyopishana au ukucha mweupe katikati ya meusi, hapo anatolewa hata kama babu yake alikuwa bingwa. Uingereza wao wanavalisha pete mguu wa nyuma sungura akiwa bado mdogo, kwa hiyo mkubwa wa kuokota kama wangu amechelewa, ila wana madaraja ya sungura wa nyumbani, wanaangalia afya na utulivu wake. Nilivyosikia hivyo karibu nilie, kweli.

Meno ya Masizi yako sawa. Makucha mazuri, ila mgongo umekonda kidogo, mzee akasema nimwongezee majani makavu na nipunguze kabeji.

Nililipa elfu thelathini, tatuu ya sikio ni elfu kumi juu yake, mzee anafanya haraka na mkono wake ni mwepesi. Kisichonifurahisha ni kusubiri, hana utaratibu wa kupanga muda, nilikaa saa mbili nje, na kivuli ni cha mwembe mmoja tu ambao wote tuliugombania. Sungura hawezi joto jamani, hiyo arekebishe. Nampa nyota nne.

Ukienda nenda mapema kabla jua halijapanda, boksi liwe na matundu, beba chupa ya maji ya baridi uliyoifunga kitambaa umuwekee pembeni, na boda umwambie aende polepole kwenye ile barabara ya vumbi.